Wapika Chumvi wa Kijiji cha Wafaransa

Kijiji kile cha Wafaransa nilianza kukisoma ndani ya gari lililonuka maziwa yaliyochacha. Mtoto wa mwisho wa madam alikuwa ameangusha chupa yake chini ya kiti asubuhi, na kufikia saa sita mchana, kwa joto lile la Riyadh, maziwa yalikuwa yamezama kwenye zulia la gari na kuoza. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa siki, wapi. Nilikuwa nimeegesha mtaa wa Malaz, upande wa kivuli wa jengo alikoishi mama yake madam. Vioo nimeshusha, pua nimeiziba kwa ukosi wa shati, mkononi nina karatasi kama hamsini zilizobanwa pamoja.

Karatasi zilikuwa za madam. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya historia, na utafiti wake ulihusu mwanzo wa kijiji kimoja kidogo ambacho Wafaransa walikijenga kando ya mto mkubwa huko Amerika, zamani, wakati upande ule wa nchi haukuwa na mji wala barabara. Mimi nilikuwa dereva wake. Dereva hapewi karatasi za namna hiyo asome, ila zilinijia kwa sababu ya ulimi wangu mwenyewe.

Siku chache kabla ya hapo alikuwa kiti cha nyuma akizungumza kwa simu na mwenzake wa masomo, kwa Kiingereza, kuhusu shajara ya mzee mmoja wa kijiji kile. Shajara yenyewe ilipotea, kilichobaki ni nakala iliyoandikwa na mjukuu. Madam alisema ataitumia nakala hiyo kama chanzo cha kwanza. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Hicho si chanzo cha kwanza, madam. Mjukuu amenakili, na huenda ameongeza yake."

Akakata simu.

"Umesema nini?"

"Samahani, madam."

"Hapana, rudia. Umejuaje?"

"Nilikuwa mwalimu wa historia kwetu Kenya. Sekondari. Miaka tisa."

Nilimwona kwenye kioo akinitazama kisogoni kana kwamba kisogo kimeota uso. Sikumweleza yaliyobaki: kwamba shule yetu ya binafsi kule Taita ilifungwa, mwenye shule akageuza madarasa kuwa mabanda ya kuku, na kwamba siku niliyokwenda kuchukua vitabu vyangu nilivikuta kwenye rafu ileile vimefunikwa kinyesi, kuku amelala juu ya ramani ya Afrika. Nilivifuta kimoja kimoja kwa majani. Baada ya hapo mtu aliponiambia kuna kazi ya udereva Saudia, sikuuliza maswali mengi.

Toka siku ile, tukiwa wawili garini, madam aliniita ustadhi. Mbele za watu nilibaki dereva. Alinipa sura za utafiti wake moja baada ya nyingine, akaniambia, "Soma, unionyeshe panapochosha." Nami nilisoma nikimsubiri nje ya chuo, nje ya kliniki ya meno, nje ya kwa mama yake.

Sitadanganya, nilikipenda kijiji kile. Wafaransa walitoka Kanada wakashuka na mitumbwi kutafuta ngozi za wanyama na madini ya risasi, wakaona udongo mweusi wa bonde, wakatua mizigo. Nyumba zao hawakuzijenga kwa kulaza magogo. Waliyachimbia ardhini yakiwa wima, bega kwa bega, wakaziba mianya kwa udongo uliokandwa na nyasi, wakapaka chokaa, wakazungusha baraza pande zote. Ukiondoa baraza, ni nyumba ya babu yangu. Mashamba yao yalikuwa vipande virefu vyembamba kama mikanda, kutoka mtoni hadi vilimani, na uzio mmoja wa wote. Walipikia mafuta ya dubu. Hilo lilinishinda. Nilijaribu kuwazia harufu ya dubu kwenye kikaango, ikichanganyika na maziwa ya chini ya kiti, nikafungua mlango nikatema mate.

Nilimwuliza madam kwa nini katika historia yote ya dunia alichagua kijiji hicho.

"Mume wangu alikuwa anasoma chuo karibu na pale," alisema. "Tulikuwa tumeoana juzi tu. Jumamosi nilikuwa natembea peke yangu hadi kwenye zile nyumba za zamani, nanunua mkate, nakaa barazani kwa watu nisiowajua. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ustadhi."

Nilimwelewa, na nikamheshimu kwa hilo. Niseme mapema kwamba katika miaka yangu yote kule sikupata mwajiri mwema kuliko yeye. Hilo ndilo linalofanya niyatapike haya kwa taabu.

Mwaka wa pili baba, yaani mumewe, alihamisha biashara yake Jeddah, nasi tukahama naye. Nyumba mpya ilikuwa mtaa wa Al-Safa, kubwa, yenye marumaru hadi kwenye ngazi za nje. Chumba changu kilikuwa nyuma, hatua tano kutoka kwenye mfuniko wa shimo la maji machafu. Kila baada ya siku chache lori la kunyonya uchafu lilikuja, likaingiza bomba lake nene shimoni, na kwa muda wa saa nzima kila kilichotoka kwenye nyumba ile ya marumaru kilipita mlangoni pangu kikigugumia. Harufu iliingia kwenye mto, kwenye mkate, kwenye mswaki. Nilimwambia baba. Akasema, "Inshallah," na mambo yakaishia hapo.

Katika chumba hicho nilisoma sura ya chumvi.

Karibu na kijiji palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi. Wanakijiji waliyachota, wakayachemsha kwenye masufuria makubwa hadi yakauke, na chumvi iliyobaki ikapakiwa kwenye mashua pamoja na ngano, ikashuka na mto kwenda kuuzwa kusini. Madam alieleza vizuri: kuni ngapi, moto wa namna gani, moshi uliokaa bondeni siku nzima. Nikafika aya ya mwisho ya ukurasa. Hapo aliandika kwamba kazi hiyo ilifanywa zaidi na watumwa, Waafrika na baadhi ya wenyeji wa nchi ile. Akamtaja mwanamke mmoja. Mwenye chumvi alipofariki, mali yake iliandikwa ili igawiwe, na mwanamke huyo alionekana kwenye orodha katikati ya sufuria la shaba na jozi ya ng'ombe. Jina hakupewa. Ilisemwa tu kwamba mikono yake iliharibiwa na maji ya moto, kwa hiyo thamani yake ni ndogo.

Nilisoma aya hiyo mara tatu. Halafu nikarudi nyuma nikaitazama tena ile baraza niliyoipenda, chokaa, kengele ya kanisa, ngano ikitikisika kwenye mikanda yake. Nilijisikia kama mtu aliyesifu mchuzi hadi chini ya bakuli, kisha akakuta unywele. Nani alikanda udongo ule? Nani alichimbia nguzo? Miaka tisa nilifundisha biashara ya watumwa ya pwani yetu, na bado nilikaa Malaz wiki nzima nikifurahia kijiji kile bila hata mara moja kujiuliza ni mgongo wa nani uliokibeba.

Kesho yake nilimwuliza madam kwa nini watu hao wamepewa aya moja tu.

"Msimamizi wangu anataka majengo," alisema. "Mada yangu ni nyumba, ustadhi. Nikiwafungulia hao mlango, watajaa kitabu kizima."

"Si wamejaa kijiji kizima, madam?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa penye jipu.

Wakati huo nilikuwa na haja yangu. Binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa Desemba, na nilihitaji ruhusa ya kutoka na kurudi nchini, ambayo ni kafili, mdhamini wa mfanyakazi, peke yake anayeweza kuitoa, na kafili wangu alikuwa baba. Nilikuwa nimemwomba mara mbili, akaitikia bila kunitazama. Nikamwendea madam. Akasema, "Nitazungumza naye. Kwanza tumalize hii kazi."

Labda hakuwa na maana yoyote zaidi ya maneno yale. Mimi niliyasikia nilivyoyasikia.

Wiki hiyohiyo watoto wake walishikwa na homa wote watatu, na chuo kikamwambia sura ya pili, ile yenye aya ya chumvi, imezidi urefu, ipunguzwe kabla ya Alhamisi. Alinitumia faili kwa simu. "Nifanyie wewe," aliandika. "Punguza maneno mia tano. Nakuamini."

Nilikaa kitandani na simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Nje lori lilikuwa linanyonya. Kwenye sura ile palikuwa na kurasa tatu kuhusu baraza: upana wa baraza, mteremko wa paa la baraza, upepo wa baraza. Ningeweza kuzinyoa hizo na hakuna ambaye angepungukiwa. Lakini nilijua anavyozipenda. Nilijua pia ni aya ipi msimamizi hatailalamikia ikiondoka. Nikaweka kidole mwanzo wa aya ya yule mwanamke, nikakiburuta hadi mwisho, nikafuta. Maneno yaliyobaki nikayapunguza hapa na pale. Nilifanya upesi, kama anayekamua usaha wa mtu mwingine huku akiangalia pembeni, nikamrudishia faili kabla ya adhuhuri.

"Ahsante sana, ustadhi. Ni safi," alijibu.

Sikuona kinyaa siku ile. Kilikuja baadaye.

Kilikuja Ruwais, mtaa wa palepale Jeddah. Rafiki yake madam alikuwa na ukumbi mdogo katika nyumba ya zamani karibu na bahari, ambamo watu walikutana kusikiliza habari za vitabu na utafiti. Madam akaalikwa aeleze kijiji chake. Ilikuwa alasiri. Mimi nilibeba projekta na waya zake, nikasimama nyuma kabisa, karibu na meza ya sambusa na tende. Madam alizungumza vizuri. Alionyesha picha za nyumba za nguzo, akaeleza mafuriko ya zamani, jinsi mto ulivyoumega ukingo hadi watu wakahama nyumba kwa nyumba kwenda juu kwenye kilima. Watu walipiga makofi.

Kisha mama mmoja mzee wa mstari wa mbele akainua mkono. Alikuwa mwalimu mstaafu, nilivyosikia baadaye, mnene, mwenye fimbo, na sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa.

"Mwanangu," alisema, "umetueleza baraza kwa dakika ishirini. Chumvi nayo ilichemshwa na nani?"

Madam aliangalia karatasi zake. "Na wanakijiji, khala."

"Wanakijiji wepi? Hao wenye baraza?"

"Wanakijiji... kwa jumla."

Yule mama akaendelea kumtazama. Halafu akaishusha fimbo yake sakafuni polepole, akasema, "Haya," kama mtu anayefunga daftari la mwanafunzi aliyeshindwa.

Nilikuwa na sambusa mdomoni. Niliitafuna na haikwenda. Ile nyama ikawa kama tambara, nikaitoa kwenye karatasi ya kufutia mikono, nikaificha mfukoni. Mdomo wangu ulikuwa na ladha ya sarafu ya zamani. Katika ukumbi mzima, watu wawili tu walijua jibu, na mmoja alikuwa ameshika waya.

Garini tulifika taa nyekundu ya tatu.

"Kwa nini ulimwondoa?" madam aliuliza.

"Ulisema nipunguze."

"Nilisema maneno, ustadhi. Sikusema mtu."

Nilihisi damu ikinipanda. Katika miaka miwili sikuwahi kumjibu kwa sauti. "Na wewe ulipoisoma tena, madam, hukuona kwamba hayupo?"

Taa ikawa kijani. Nyuma yetu wakapiga honi. Nikaendesha.

"Niliona," alisema mwisho. Alikuwa ametazama dirishani. "Niliona, nikafurahi kwamba si mimi niliyemtoa."

Kwa kuwa yeye amesema yake, nikaona nami niseme yangu. "Mimi nilimtoa kwa ajili ya ruhusa ya harusi. Nilidhani nikikupendeza, utaikumbuka."

"Ruhusa?" Akashtuka kweli, nilimsikia. "Ruhusa yako ilishatoka. Baba aliitoa wiki ile watoto wanaugua. Kabla hata sijakutumia lile faili. Ya Rabi, nilisahau kukuambia."

Sijui nieleze vipi nilichokisikia. Hasira ingekuwa afadhali. Nilikuwa nimemuuza mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja, na bei niliyoitaka nilikuwa nayo tayari mfukoni bila kujua. Nilimfikisha nyumbani, nikamfungulia mlango, nikaenda nyuma ya chumba changu nikatapika kando ya ule mfuniko. Hata lori lilikuwa halijaja, nisingizie harufu.

Asubuhi madam aliniita jikoni. Alikuwa ameweka kompyuta yake juu ya meza na kuvuta viti viwili. "Kaa," alisema. "Tumrudishe."

Sikuwahi kukaa kwenye meza ile. Mpishi, dada wa Kiindonesia ambaye tulikula naye siku zote kwenye mkeka wa nyuma, aliniangalia kama niliyeingia na viatu vyenye mavi, akageukia sinki lake. Nikakaa ukingoni mwa kiti.

Tulifanya kazi ile kuanzia saa tatu. Madam alitoa nakala za nyaraka zake, tukazipitia. Kurasa za baraza alizifuta mwenyewe, moja na nusu, bila kuambiwa. Kisha akaanza kuandika. Aliandika kwamba mwanamke yule alikuwa jasiri, kwamba alivumilia, kwamba jioni aliuangalia mto na kuikumbuka nchi yake.

"Hilo hatulijui, madam."

"Lakini lazima aliikumbuka."

"Huenda alizaliwa palepale. Huenda jioni alilala tu kwa uchovu. Tunajua sufuria, tunajua ng'ombe, tunajua mikono. Yaliyobaki unamvisha."

"Unataka nimwache uchi?"

"Nataka tusimpake mafuta, madam. Waliomchoma walimwandika kwenye mstari mmoja. Sisi tusimtumie kujisafisha."

Nilijishangaa kwa maneno hayo, kwa maana mwenye kuhitaji kujisafisha zaidi alikuwa mimi. Madam akafuta ujasiri, akafuta mto, akafuta jioni. Tukabaki na sentensi nne kavu. Akaongeza ya tano, kwamba nyaraka hazisemi aligawiwa nani baada ya hapo. Nikasema ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli. Kwa dakika kadhaa pale mezani nilikuwa mwalimu tena, na yeye mwanafunzi mwepesi ambaye kila mwalimu humwomba Mungu ampe.

Baba akaingia kutafuta maji ya kunywa. Alisimama mlangoni. Aliniangalia mimi, akakiangalia kiti, akamwangalia mkewe, kisha mimi tena. Hakukunja uso. Alizungumza kwa upole, kama anayemwondoa paka kwenye sofa.

"Dereva, gari chafu. Yalla."

Nilimtazama madam. Ningependa kuandika kwamba alisema neno. Hata "anamalizia" lingetosha. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, kidole chake kikipandisha na kushusha sentensi zile tano. Nikasimama, nikarudisha kiti mahali pake, nikaenda kuchukua ndoo. Nyuma yangu nilisikia mpishi akipangusa mahali nilipokuwa nimeweka viwiko.

Gari nilikuwa nimeliosha asubuhi hiyohiyo, kabla ya kuitwa. Nililiosha tena.

Nilikwenda harusini Desemba, nikacheza, nikarudi. Sura nyingine madam aliponipa niisome, nilimwambia, "Halas, madam, basi. Mimi ni dereva." Alifadhaika. Alidhani nimekasirika kwa sababu ya baba, akaniomba radhi kwa niaba yake, garini, tukiwa wawili. Niliipokea ile radhi. Sikumweleza kwamba kila nikishika karatasi zake nasikia ile ladha ya sarafu mdomoni, na kwamba nusu ya ladha hiyo si yake. Miezi iliyobaki aliniambia kushoto, kulia, simama hapa, nami nikasema sawa madam. Neno ustadhi lilikufa taratibu, hakuna aliyelizika.

Alifaulu mwaka uliofuata. Alikuja hadi mlangoni pa chumba changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, amebeba kisanduku cha baklawa, mtandio ameubana puani kwa ajili ya ile harufu. "Walizisifu zile sentensi tano," alisema. "Mtahini alisema ndizo zenye uzito kuliko zote."

"Hongera, madam."

"Ni zako pia."

Nilimshukuru. Alisubiri kidogo, labda nimkaribishe, lakini hapakuwa na pa kumkaribisha. Akarudi kwenye marumaru akitembea haraka.

Siku hizi niko nyumbani, nafundisha masomo ya ziada jioni, na watu huniuliza kama Waarabu walinitesa. Wanataka hadithi ya kupigwa, ya kunyimwa chakula, na wako waliopata hayo, nawajua. Mimi huwajibu kwamba sikuguswa hata kwa kofi, nilikula nikashiba, na mwajiri wangu aliniamini. Huona nimewanyima kitu, wakaondoka. Siwaambii kwamba kuna kitu nilikifanya kule kwa kidole changu mwenyewe, mchana kweupe, bila kushurutishwa na mtu, na kwamba nikikifikiria hadi leo husukuma sahani mbali.